Kutoka ini hadi mahali: historia ya kiambishi -ni

Usiku wa tarehe 18 Mei 1900, habari zilifika London kwamba mji mdogo wa Mafeking, kusini mwa Afrika, umekombolewa. Makaburu walikuwa wameuzingira kwa siku 217, tangu Oktoba mwaka uliotangulia, na kamanda wa Waingereza waliozingirwa humo alikuwa Kanali Robert Baden-Powell, yule aliyekuja kuanzisha chama cha maskauti. Watu wa London wakamiminika barabarani, wakaimba, wakapiga tarumbeta, wakakesha. Shangwe zile zilizidi kiasi hata likatafutwa neno la kuzitaja. Walilichukua jina la mji, wakaona mwishoni mwake pana -ing, kiambishi ambacho Kiingereza hukitumia kwa tendo linaloendelea. Wakakikata, na shina lililobaki wakalifanya kitenzi: maffick, yaani kushangilia kwa kelele na vurumai mitaani. Kamusi kubwa za Kiingereza bado zinalo.

Mji ule haukuwa na -ing hata chembe. Wabarolong, ambao ni Watswana, waliuita Mahikeng, na Watswana wengine hutamka Mafikeng. Mahika ni mawe makubwa, miamba. Ile -ng ya mwisho ndiyo inayogeuza mawe kuwa mahali. Kwa Kiswahili tungesema Maweni, na Tanzania ina Maweni zake: ipo ya Tanga, ipo ya Kigoma. Hapa hatuzungumzii majina mawili yaliyofanana kwa bahati. Ile -ng ya Kitswana na hii -ni yetu ni kiambishi kimoja, kilichozaliwa mara moja, zamani sana, kikasafiri na watu walioachana njiani.

Ndani ya mji ule uliozingirwa alikuwamo kijana wa miaka 23, Sol Plaatje, mkalimani wa mahakama. Aliandika shajara ya siku zile, na shajara hiyo ilikaa bila kuchapishwa hadi 1973. Baadaye akawa katibu mkuu wa kwanza wa chama ambacho leo ni ANC, akaandika riwaya, akamtafsiri Shakespeare kwa Kitswana. Mwaka 1916, akiwa London, yeye na mwanafonetiki Daniel Jones walitoa kitabu cha kusomea Kitswana kilichoandikwa kwa alama za kifonetiki, sauti kwa sauti. Kwa hiyo katika jiji lile lile lililokuwa limeisikia -eng likadhani ni -ing, Mwafrika mmoja alikaa kuonyesha jinsi lugha yake inavyotamkwa hasa. Tahajia ya mji ilirudishwa kuwa Mafikeng mwaka 1980, na mwaka 2010 ikawa Mahikeng, kama Wabarolong wenyewe wanavyosema.

Tuitazame hiyo -eng kwa karibu, maana hapo ndipo ushahidi ulipo. Mahika linaishia na a, lakini Mahikeng ina e. Vivyo hivyo noka, mto, huwa nokeng, na thaba, mlima, huwa thabeng. Irabu e imetoka wapi? Imetokana na a iliyokutana na i. Kiambishi hakikuwa -ng tangu mwanzo, wala hakikuwa -ni. Kilikuwa -ini. Wazulu wanayo i hiyo hadi leo: isikole, shule, huwa esikoleni, umfula, mto, huwa emfuleni, na itheku, ghuba, huzaa eThekwini, jina la Kizulu la Durban. Wagikuyu ndio waliokihifadhi kikiwa kizima kuliko sote. Wao huchukua mũgũnda, shamba, wakasema mũgũndainĩ bila kumeza kitu. Anayepita Murang'a atakutana nacho kwenye vibao vya barabarani: Kiriaini, Ndakaini.

Neno moja latosha kuonyesha undugu wote huu. Sisi tuna mlomo na mlomoni. Wasotho wana molomo na molomong. Wazulu wana umlomo, na hapo mambo yanachangamka, kwa sababu o ya mwisho ikikutana na -ini hugeuka w, na Kizulu hakipendi sauti ya midomo kama m ifuatwe na w. Basi m ile huhamia kwenye kaakaa na kuwa ny, na matokeo yake ni emlonyeni. Asiyejua kanuni atadhani emlonyeni ni neno jingine kabisa. Anayeijua anasikia mlomo ule ule, na -ini ile ile iliyousukuma. Kiswahili chetu kilichagua njia fupi zaidi: kiliidondosha i, kikabaki na -ni, na mkazo wa neno ukasogea silabi moja mbele. Sema nyumba, kisha nyumbani, utausikia ukihama.

Sasa, -ini ni nini? Jibu tunalo katika kamusi na katika bucha: ni ini, lile la kiungo cha mwili. Hoja hii ilitetewa vizuri sana, tena kwa Kiswahili, na wanaisimu Ridder Samsom na Thilo Schadeberg katika makala yao ya 1994 waliyoiita "Kiinimacho cha mahali". Nalipenda jina hilo kwa sababu limebeba hoja yenyewe. Kiini ni ki- na ini. Kiini cha yai, kiini cha mti, kiini cha habari: kila mara tunataja kitu kilicho katikati kabisa, kilichofunikwa na vingine. Ini la mnyama liko humo ndani, limefichwa na mbavu. Watu wa pwani huweka hata uchungu wa moyo hapo, ndiyo maana maneno makali hukata maini. Basi zamani mtu aliposema nyumba ini alikuwa akitaja ndani ya nyumba, kiini chake. Kusema kila siku kukalisugua lile neno la pili. Kwanza likapoteza uhuru wake, kisha likapoteza maana ya ndani likabaki na maana ya mahali tu, na mwisho likapoteza irabu yake ya kwanza. Leo tunaposema mezani hatufikirii undani wowote, seuze maini.

Anayeijua sarufi yetu ataona ugumu hapa. Kibantu huweka kinachomilikiwa mbele na mmiliki nyuma: ini la mbuzi, mlango wa nyumba. Tungetarajia ini la nyumba, na ini ligeuke kiambishi awali. Imekuwaje likakaa nyuma? Mwanaisimu Tom Güldemann alilichukua swali hilo mwaka 1999 na kuelekeza macho kwa majirani: lugha zisizo za Kibantu ambazo wahamiaji wa Kibantu walizikuta mashariki na kusini mwa bara, nyingi zikiwa na mpangilio ulio kinyume na wetu. Mimi naona fikra hiyo ina uzito, kwa sababu -ini haiko peke yake. Ipo -ana, iliyotokana na mwana, ambayo Kizulu huitumia kudogosha vitu, indlu ikawa indlwana, kijumba. Kwetu mabaki yake yamo katika mvulana na msichana. Ipo pia -kazi, iliyotokana na neno la kale la mwanamke au mke, ambayo kwa Kizulu huzaa inkosikazi na kwa Kiswahili imebaki katika mjakazi. Majina matatu ya kawaida, ya ini, ya mtoto na ya mwanamke, yote yamegeuka viambishi, na yote yamekaa nyuma, katika familia ya lugha inayopenda kuweka kila kitu mbele.

Hakuna tarikh wala safari ya Mwarabu au Mreno iliyoandika jinsi wahamiaji hao na majirani zao walivyokutana. Lugha peke yake ndiyo iliyoweka kumbukumbu. Ndiyo maana inaniudhi kuona -ni ikifundishwa shuleni kwa sentensi moja, kwamba ni kiambishi tamati cha mahali, basi.

Kuna maneno ambayo -ni imeyashika kwa muda mrefu kiasi kwamba hatuoni tena kiungo. Chukua chini. Hapo pana nchi, kwa maana yake ya kale ya ardhi, na -ni. Wazulu kwa maana hiyo hiyo husema phansi, na Wachewa pansi: wao wametumia kiambishi awali pa- mahali ambapo sisi tumetumia -ni. Chukua ndani. Nda ni tumbo, na Wagikuyu bado wanaliita hivyo. Kwa hiyo ndani ni tumbo lililoongezewa ini, viungo viwili vya mwili katika neno moja fupi. Chukua pwani, mahali ambapo maji hupwa na kuacha mchanga mtupu. Kisha kuna pande za dunia. Kusini ni upande wa kusi, pepo za msimu zinazopanda kutoka chini ya ramani, na kaskazini ni upande wa kaskazi, pepo zilizoleta majahazi ya Arabuni na Ghuba. Mtoto wa Mwanza au Kampala anayejifunza ramani darasani anasoma ratiba ya mabaharia wa Lamu na Kilwa bila kuambiwa.

Ila si kila -ni ni ya ini. Tunapowaambia watu wengi njooni, nendeni, au asanteni, hiyo ni -ni nyingine, yenye undugu na nyinyi. Na mtu wa pwani anapouliza wasemani au watakani, hiyo ni ya tatu, ndugu ya nini. Zimefanana umbo tu. Karibuni peke yake ina mbili: wageni wakibisha hodi wanasikia ile ya nyinyi, na anayesema hivi karibuni anatumia ile ya mahali, iliyohamia kwenye wakati.

Hapa Wasotho na Watswana wanatufanyia hisani kubwa. Katika lugha zao i ya mwisho wa -ni ilipotea na n ikawa ng. Badiliko la sauti halichagui maana. Linapita kama mvua, linalowesha kila kilicho nje. Basi zote tatu ziliguswa. Nendeni kwa Kizulu ni hambani, kwa Kisotho ni tsamayang. Wataka nini kwa Kizulu ni ufunani, kwa Kisotho ni o batlang. Na mahali tumekwisha kupaona, molomong. Ukiweka safu hizo tatu kando kando, -ni upande mmoja na -ng upande wa pili, huhitaji tena mtu akushawishi kwamba lugha hizi zilikuwa nyumba moja.

Wageni wa Ulaya walikigundua kiambishi hiki mapema. Edward Steere, mmisionari wa Kianglikana, alikieleza katika kitabu chake cha Kiswahili cha Unguja kilichotoka 1870. Alikitazama kwa macho ya Kilatini, akakiona kuwa ni hali ya nomino, kama zile za lugha za Ulaya ya kale. Hapo alikosea njia, kwa sababu nyumbani si nyumba iliyovaa nguo nyingine. Ni neno lililohama ngeli, linaloamrisha upatanisho wake lenyewe. Lakini sikio lake lilikuwa kali, na alieleza kwamba neno moja lenye -ni laweza kufuatwa na pa-, ku- au m-, kila moja kwa maana yake. Mwaka 1873 soko la watumwa la Unguja lilifungwa, na mwaka huo huo ujenzi wa kanisa kuu ukaanza papo hapo. Steere alikuwa askofu tangu 1874, akalisimamia kanisa hilo, akafa 1882, akazikwa humo. Mahali penyewe panaitwa Mkunazini.

Majina ya mitaa ya Unguja ni orodha ya miti: Mkunazini, Michenzani, Miembeni, Kikwajuni. Mengine ni orodha ya kazi na majengo. Forodhani palikuwa pa kulipia ushuru, na forodha ni neno la Kiarabu. Darajani palikuwa na daraja lililounganisha Mji Mkongwe na Ng'ambo juu ya mkono wa bahari. Maji yalifukiwa, daraja likaondoka, lakini jina limebaki na watu wananunua samaki hapo kila asubuhi. Dar es Salaam wana Gerezani na Kivukoni. Gereza ni neno ambalo wengi hulifuata hadi igreja, kanisa kwa Kireno. Mombasa wana Likoni, na liko ni pale vyombo vinapopwelewa na watu hushuka. Komoro nao wanasema dahoni kwa nyumbani, na mji mkuu wao, Moroni, umebeba -ni hiyo hiyo mwishoni.

Kinachonishangaza ni jinsi kiambishi hiki cha kale kisivyobagua. Hakiulizi neno limetoka wapi. Msikitini na kanisani, ofisini na benkini, hospitalini na sinemani, yote yanapita. Hata Afrika Kusini, mara baada ya uchaguzi wa 1994, walipotafuta jina la mkoa wenye Johannesburg na Pretoria, waliacha kifupisho cha herufi tatu za majina ya kizungu wakachukua Gauteng. Gauta ni dhahabu kwa Kisotho, nalo limekopwa kutoka goud ya Kiholanzi. Ile -eng ni ya ini. Mahali pa dhahabu: nusu imeletwa na meli, nusu imetembea kwa miguu kutoka kaskazini kwa karne nyingi. Mpaka kinao mmoja: sisi huwa hatukiongezi kwenye jina la mtu wala la mji. Twenda kwa mwalimu, twenda Mombasa. Wazulu nao kwa watu hutumia ku-, kama sisi tunavyotumia kwa.

Lakini -ini haikufika kila mahali. Waganda, Wabemba, Washona na Wachewa hutumia viambishi awali vya kale, pa, ku na mu. Mshona aliye nyumbani yuko kumba, au pamba, au mumba, kutegemea anamaanisha nini. Hivi ndivyo vilivyokuwapo kabla ya ini kuanza kusugulika, na ndiyo sababu Kiswahili cha Congo kinastahili kusikilizwa kwa heshima kubwa kuliko kinayopewa. Kilifika kule karne ya 19 na misafara ya wafanyabiashara wa Unguja, kupitia Ujiji hadi Kasongo na Nyangwe. Baadaye migodi ya Katanga, chini ya kampuni ya Union Minière iliyoanzishwa 1906, ikakusanya wafanyakazi Waluba, Wabemba na wengine, nao wakakifanya Kiswahili kuwa chao. Mtu wa Lubumbashi atasema yuko mu nyumba, anaenda ku kazi, anatoka ku soko. Watu wa pwani husikia kosa. Mimi nasikia viambishi vya mababu vikirudi mahali pake, kwa sababu lugha za mama za watu wale hazikuwahi kuviacha. Tena nchi hiyo hiyo ina jiji kubwa ambalo mwaka 1966 liliacha kuitwa Stanleyville likaitwa Kisangani, na -ni ikiwa mwishoni.

Nasi hatukuviacha vyote. -Ni ilivifukuza pa-, ku- na mu- kutoka mbele ya nomino, lakini vilikimbilia kwenye maneno yanayoifuata, vikakaa hapo. Nyumbani pangu ni pale penyewe, panapoonekana. Nyumbani kwangu ni upande wa huko, kwetu, kwenye familia. Nyumbani mwangu ni humo ndani, kati ya kuta. Jina moja, mahali patatu. Huu ndio utajiri unaovuja sasa. Katika miji ya bara, redioni na hata katika vitabu vya watoto nakutana na nyumbani yetu na sokoni yao, upatanisho wa vitu vya kawaida ukiwa umebandikwa kwenye mahali. Anayesema hivyo hueleweka, sikatai, ila tofauti tatu zinakuwa moja, na msikilizaji analazimika kuuliza. Mwambie mtu mezani pana funguo, naye atautazama ubao wa meza. Mwambie mezani kuna funguo, ataenda huko chumba cha pili kunakotajwa meza. Mwambie mezani mna funguo, atafungua mtoto wa meza, atie mkono.